Vidonge vya Kuzuia Mafuta na Suala la Twahara

Zamani hapa kwetu pwani mtu mnene alisifiwa. Biharusi aliyenona alikuwa fahari ya wazazi wake, na mume ambaye mkewe amekonda aliulizwa na wakweze kama nyumbani mwake mna njaa. Siku hizi mambo yamegeuka. Daktari wa sukari asema punguza, daktari wa presha asema punguza, na kijana anayetafuta mchumba naye ana maneno yake. Basi watu wetu, wake kwa waume, wamo mbioni kutafuta dawa, na mojawapo ya dawa wanazozitafuta ni vile vidonge vinavyozuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini.

Sina ugomvi na dawa. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, na anayejitibu hana lawama. Nililo na ugomvi nalo ni kimya. Vidonge hivi vina athari zinazomgusa Muislamu mahali pake pa ndani kabisa, yaani twahara yake na Sala yake, na ni wachache mno wanaozitaja. Muuza dawa haoni haya kupokea fedha, lakini aona haya kueleza. Mnunuzi naye, yakimfika, aona haya kuuliza. Mwishowe watu huacha dawa bila ya kumwambia daktari, au, na hili ni baya zaidi, huacha kwenda msikitini bila ya kumwambia mtu.

Kazi ya dawa yenyewe

Jina la dawa hii ni orlistati. Ilikubaliwa kuuzwa Marekani mwaka 1999 kwa jina la Xenical, kila kidonge miligramu 120, kwa cheti cha daktari. Mwaka 2007 ikatolewa huko kwa nusu ya kipimo hicho, miligramu 60, kwa jina la Alli, na hiyo ikauzwa bila ya cheti. Tangu hapo yamezuka majina mengine mengi. Ingawa leo mazungumzo ya mjini ni sindano mpya za kupunguza unene, vidonge hivi bado vipo, na bei yake ni nafuu kuliko ya sindano.

Wengi hudhani kuwa dawa hii huyeyusha mafuta yaliyokwisha kukaa kiunoni na mapajani. Sivyo. Haigusi hata tone la mafuta hayo. Kazi yake yote hufanyika tumboni na matumboni, pale chakula kinaposagwa. Mafuta tunayokula hayawezi kupenya kuingia mwilini mpaka yakatwekatwe kwanza na kimeng'enya kiitwacho lipesi. Orlistati hukishika kimeng'enya hicho kikashindwa kufanya kazi yake. Kwa kipimo cha miligramu 120 pamoja na kila mlo, karibu theluthi moja ya mafuta yaliyoliwa hukosa njia ya kuingia.

Theluthi hiyo huenda wapi? Hapo ndipo penye habari. Mafuta hayapotei hewani. Huteremka vile vile yalivyo mpaka yatoke kwa njia ya haja kubwa. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti yaeleza, ila kwa herufi ndogo: kutokwa na mafuta, upepo unaofuatana na majimaji ya mafuta, haja inayokuja ghafla isizuilike, na madoa katika nguo. Alli ilipotolewa mwaka 2007, watengenezaji wenyewe waliwashauri wanunuzi wavae suruali za rangi nzito na wachukue nguo za kubadili kazini mpaka wazoee. Ndugu msomaji, dawa ambayo anayeiuza akwambia uvae nguo nyeusi, yataka uijue vizuri kabla ya kuimeza.

Nilivyoiona mimi

Mimi niliitumia kwa muda wa wiki 12, kwa amri ya daktari wangu, kwa sababu ya sukari. Siku ambazo chakula changu kilikuwa mkate wa mofa, samaki wa kuchoma na mchicha, sikuona lolote. Lakini kwetu mtu haishi kwa mofa peke yake. Kuna walima, kuna hitima, kuna Maulidi, na kuikataa sahani ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Siku moja baada ya biriani ya walima, niliyaona mafuta yanaelea juu ya maji, rangi ya machungwa, kama yale yanayokaa juu ya mchuzi ulioungwa kwa samli nyingi. Siku hiyo nilitia udhu mara tatu kwa Sala moja ya Adhuhuri na nguo nikabadili mara mbili. Alasiri sikwenda msikitini, nilisali nyumbani.

Wiki 12 zilipotimia nilikuwa nimetoka kilo 92 nikafika 88. Kanuni wanayoifuata madaktari wengi ni kuwa mtu asipopunguza sehemu tano katika mia ya uzito wake kwa muda huo, dawa isiendelee. Mimi sikuifikia, tukaiacha, na baada ya siku mbili tatu yale mafuta yakakatika.

Nilipoanza kulidokeza jambo hili barazani na kwa jamaa, ndipo nikajua kuwa siko peke yangu. Bibi mmoja wa makamo aliniambia kuwa alimeza vidonge hivi mwezi mzima wa Ramadhani na hakwenda Tarawehe hata usiku mmoja. Dada zake aliwaambia kuwa miguu inamuuma. Kijana mmoja naye alipewa na rafiki yake, wala hakujua kuwa kinachomtoka ni mafuta. Akidhani ana maradhi mabaya, akakaa na hofu yake wiki mbili.

Masheikh na waliseme

Katika madhehebu yetu ya Shafi, chochote kinachotoka kwa njia mbili hutengua udhu, kiwe kingi au kidogo. Mafuta haya yatoka yakiwa yamechanganyika na najisi, kwa hivyo nguo yataka ioshwe, na kila mama ajua kuwa doa la mafuta si la kutoka kwa maji matupu. Ni kweli kwamba mtu ambaye hadathi yake haikatiki ana hukumu yake: hutia udhu baada ya wakati kuingia, na udhu ule humtosha kwa faradhi moja. Je, mwenye kumeza kidonge kwa hiari yake ili apungue aingia katika udhuru huo, au huambiwa akiache kidonge? Na aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya maradhi, hukumu yake ni hiyo hiyo?

Hilo si la mwandishi wa gazeti. Ni la masheikh wetu, nami nawaomba walieleze katika darsa zao, tena waziwazi, kama wanavyoeleza hedhi na janaba. Dini yetu haikuweka haya katika kutafuta elimu. Kadhalika watusaidie juu ya ganda la kidonge. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, na muuza dawa hana budi kujibu.

Mwezi wa Ramadhani ndio wenye taabu kubwa zaidi. Kidonge hiki humezwa pamoja na mlo wenye mafuta, au katika muda wa saa moja baada yake. Mlo ukiwa hauna mafuta, hakimezwi. Basi mfungaji atakimeza kwa futari na kwa daku. Angalia sinia ya futari yetu: sambusa, katlesi, bajia, kaimati, viazi vya karai, kila kimoja kimetoka ndani ya mafuta yanayochemka. Mafuta ya futari ya jana ndiyo yanayokuja kumkuta mtu katika safu ya Tarawehe ya leo.

Madhara mengine

Aibu ya nguo siyo yote. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta, na mafuta yakizuiliwa nazo hupotea. Ndiyo maana anayetumia dawa hii huambiwa ameze vidonge vya vitamini wakati wa kulala, au saa mbili mbali na dawa yenyewe. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, dawa ya tezi ya shingo, dawa ya kifafa, au dawa wanazopewa waliowekewa figo, asiguse orlistati mpaka daktari wake ajue. Mja mzito na anayenyonyesha wasiitumie kabisa. Mwaka 2010 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru itiwe onyo juu ya madhara ya ini, ambayo ni nadra lakini ni makubwa. Mtu akiona macho au ngozi yageuka manjano, au mkojo wake wageuka mweusi, asingoje.

Kisha kuna vidonge vya bandia. Januari mwaka huo huo wa 2010 wakuu hao walionya juu ya Alli ya uongo ambayo ndani yake haikuwamo orlistati hata kidogo. Iliyotiwa ni sibutramini, dawa ambayo kabla ya mwaka kwisha iliondolewa sokoni huko Marekani kwa kuwa huleta hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi. Basi anayenunua vidonge mkobani mwa mtu, au kwa kuagiziwa na shoga, ajua nini kimo ndani yake?

Theluthi yetu

Pamoja na hayo, haki ya dawa isemwe. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa miaka minne uliofanywa nchini Uswidi kwa watu 3,305. Wote walipewa mafunzo ya kula na kufanya mazoezi. Nusu wakapewa orlistati na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka minne waliomeza dawa walikuwa wamepungua kilo 5.8, na wale wengine kilo 3.0. Walioingiwa na sukari miongoni mwa waliomeza dawa walikuwa 6.2 katika mia, na miongoni mwa wengine 9.0. Si haba, hasa kwa mtu aliye ukingoni mwa maradhi. Lakini tazama: wasiomeza kitu walipata nusu nzima ya faida hiyo ya kupungua, na wameipata kwa sahani na kwa miguu yao.

Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kuwa tumbo ligawanywe mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji na moja liachwe kwa pumzi. Nasi theluthi tunayokataa kuiacha sahanini ndiyo tunayolipa fedha ili itoke kwa aibu. Waliotoa Alli walimwambia mtumiaji asizidishe kama gramu 15 za mafuta kwa mlo mmoja. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina karibu gramu 14. Biriani ya walima haipikwi kwa kijiko kimoja. Na anayeweza kujizuia asizipite gramu 15, kazi kubwa amekwisha kuifanya mwenyewe.

Wala simlaumu mnene. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa Wakenya wazima 27 katika mia walikuwa na uzito uliozidi kiasi, wanawake 38.5 na wanaume 17.5. Mwanamke wetu ndiye mpishi, ndiye muonjaji, ndiye anayemalizia kilichobaki siniani kisitupwe, na akitoka na buibui lake alfajiri kwenda kunyoosha miguu, watu husimama kumtazama. Kisha mtu huyo huyo ndiye tunayemcheka kwa unene wake na kumwachia ahangaike na vidonge kwa siri.

Basi kila mmoja ana la kufanya. Muuza dawa aseme kabla ya kupokea fedha. Sheikh alieleze jambo hili kabla Ramadhani haijaingia. Mwenye walima apunguze samli, na mgeni akiacha theluthi ya sahani asiulizwe kwa nini. Waume nao wawaachie wake zao njia watembee, tena wafuatane nao. Mwenye maradhi akiandikiwa kidonge na daktari wake, akimeze na aambiwe yote yatakayomfika, ili asije akaacha safu ya jamaa kwa jambo ambalo alikuwa na haki ya kulijua.