Zabuni ya nyumba isianzie kwenye bei

Nyumba za watumishi zinapopasuka kuta kabla hata hazijahamiwa, lawama zote humwendea mkandarasi. Sisi tungependa na kabrasha la zabuni lifunguliwe. Humo huweza kukutwa mstari mmoja tu: “Msingi, jumla.” Kina hakikutajwa, nondo ni za milimita 12 au 16 haijulikani, udongo haukupimwa. Kila mzabuni hukisia lake, kisha kamati ya tathmini inalinganisha bei za vitu visivyofanana.

Mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2023, umeondoa pilikapilika za bahasha. Ni hatua njema, ila hauwezi kusahihisha jedwali la vipimo lililonakiliwa kutoka mradi wa wilaya nyingine.

Halmashauri zimlipe mkadiriaji majenzi kabla ya kutangaza zabuni, si baada ya ugomvi. Na kamati ikikuta bei iliyo chini mno ya makadirio, imtake mzabuni aonyeshe mfuko wa saruji ataupata kwa shilingi ngapi na mafundi atawalipa nini. Akishindwa kueleza, aachwe, hata kama mkurugenzi anakimbizana na Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha.