Watoto wa wahami wanahitaji kopo, si biberoni

Goma – Ninyi wazazi mliokimbia vita toka Masisi, Rutshuru na kwingineko, leo nitasema neno ambalo litaudhi watu wenye roho nzuri. Wanaokuja kusaidia wahami na katoni za biberoni na vikombe vyenye mdomo wa kunyonya, waache. Sisi wa redio pia tuna kosa. Mimi mwenyewe nimekwisha kutangaza zawadi za namna hiyo kwa furaha, bila kuuliza nani ataziosha na kwa maji gani.

Tuanze na maji. Familia inayopanga foleni kwa bidoni moja ya lita 20, ya kupikia, kunywa na kunawa, itapata wapi maji ya kuchemshia biberoni kila mara? Na makala je? Maziwa na uji hubaki shingoni mwa chupa, ndani ya chuchu na kwenye vitundu vya kifuniko. Vijidudu vinazaana humo, mtoto anaharisha. Katika mji ambao kipindupindu kinaturudia, huo si mchezo. Ndiyo maana OMS na UNICEF wanashauri kikombe cha wazi, si biberoni, wakati wa dharura. Kopo la wazi unaliona mpaka chini, unaliosha vizuri kwa sabuni na maji safi.

Jambo la pili ni mdomo wa mtoto. Akinyonya chupa au kikombe chenye mdomo, ulimi unafanya kazi ya kunyonya tu. Akinywa kwenye kopo, anafunga midomo ukingoni, anatuliza taya, anainua ulimi na kumeza. Ni kazi inayomzoeza kula bugali na mboga badala ya kunyonya tu. Na midomo hiyohiyo ndiyo inayofungana akisema «mama», «baba».

Sisemi biberoni inafanya mtoto kuwa bubu. Maneno yanakuja hasa kwa kuongeleshwa. Lakini mtoto anayezunguka kutwa na chupa mdomoni ataongea saa ngapi? Meno nayo yanaoza kwa chai ya sukari inayodondoka humo. Kopo linadai mtu akae mbele yake, amtazame, amwambie: kunywa, tena kidogo.

Wengine watanijibu: kopo linamwaga, na maji tunayanunua. Ni kweli. Basi tia mafunda mawili tu, mshikie, kisha ongeza. Wengine wanaona kopo ni alama ya umaskini, biberoni ni ya watu wa mjini. Wajue kwamba Marekani kwenyewe madaktari wa watoto wanashauri biberoni iachwe kati ya miezi 12 na 18.

Mama, silaumu wewe uliyepokea ulichopewa. Unayenyonyesha, endelea: miezi 6 ya kwanza ziwa peke yake, kisha pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Kuanzia miezi 6, mpe maji safi kwa kopo dogo jepesi la plastiki, linaloenea mikononi mwake, lisilo na ukingo wa kukata. Awe amekaa wima. Usimmiminie kinywani, acha avute mwenyewe. Hata mtoto aliyefiwa na mama yake anaweza kunyweshwa maziwa kwa kopo. Muuguzi wa kituo cha afya amwonyeshe mlezi. Na mtoto anayekohoa kila akinywa, au aliyefika miaka 2 bila maneno, apelekwe huko.

Nanyi wenye kutoa msaada, kabla ya kutuita na vinasa sauti vyetu, leteni makopo, sabuni na maji. Mkija tena na katoni ya biberoni, tutawauliza hewani: nani ataziosha?