Kioo cha Gari Kikiibwa, Nani Hukinunua?

Kila filamu ya Nairobi inapoonyesha mtaro wa majitaka na bastola, hawakosekani watu wa kulalama kwamba tunajianika. Watalii watatuonaje? Wawekezaji je? Upande wa pili hujibu kwamba huo ndio ukweli, na asiyeutaka afumbe macho. Mjadala huu umezeeka sasa, na naona pande zote mbili zimeshikilia swali lisilo na faida. Hata mtoto anaweza kupeleka kamera mahali pachafu. Ninachotaka kujua baada ya kutazama filamu ya namna hii ni kama imenionyesha nani anakula kutokana na ule uchafu.

Ndiyo maana Nairobi Half Life, filamu ya David 'Tosh' Gitonga ya mwaka 2012, bado inastahili kujadiliwa wakati nyingi zilizoifuata zimeshasahaulika. Mwas, kijana aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anauza DVD za filamu za ng'ambo kijijini na kuziigiza mbele ya wateja kwa mikono, miguu na sauti zote. Anataka kuwa mwigizaji. Anaingia jijini na mzigo wa vifaa vya gari aliokabidhiwa na jamaa yake, anaporwa kabla hajaijua njia, anazolewa na kanjo, yaani askari wa jiji, pamoja na wachuuzi, na usiku unamkuta seli akisafisha choo kwa lazima. Humo ndimo anamojuana na Oti, ambaye baadaye anamwingiza katika genge la mtaa unaoitwa Gaza. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku anang'oa vioo na taa za magari ya watu.

Kazi ya genge lile inafanyika kama kazi nyingine yoyote mjini: ina zamu, ina bei, ina wateja. Kila mkazi wa Nairobi anaujua mzaha wa Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga na vichochoro vyake vya vipuri: ukiibiwa kioo cha pembeni usiku, asubuhi nenda ukakinunue kabla mwingine hajakiwahi. Tunacheka, kisha tunalipa. Hakuna anayeuliza risiti. Gitonga ameuchukua mzaha huo na kuutandaza hadi ukaacha kuchekesha, kwa sababu kijana anayekimbia na kioo ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Mnunuzi anapata zaidi yake. Askari anayejua kila kitu na kudai fungu lake anapata bila kutokwa na jasho. Genge linapopanda daraja kutoka vipuri hadi magari mazima, anayelikamua naye anapandisha kiwango, na siku vijana wanapokuwa mzigo kwake wanapigwa risasi.

Walioona sehemu hiyo imetiwa chumvi walikuwa hawasomi magazeti. Februari 2009, miaka mitatu na ushei kabla ya filamu kutoka, Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji nje ya sheria, alimaliza ziara yake nchini kwa kusema kwamba mauaji yanayofanywa na polisi yalikuwa yameenea na yalikuwa yakifanywa kwa mpango. Siku chache baadaye, Oscar King'ara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokuwa wakifuatilia mauaji hayo, waliuawa kwa risasi karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017 kituo cha haki cha wakazi wa Mathare kilitoa ripoti yake chenyewe kuhusu vijana waliouawa na polisi, na Oktoba 2022 Rais William Ruto alikivunja kikosi maalumu cha upelelezi kilichotuhumiwa kuua na kupoteza watu. Gitonga hakuvumbua kitu. Alichofanya ni kuwapa majina na vichekesho wale ambao kwenye taarifa ya habari huitwa washukiwa watatu.

Vichekesho hivyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Filamu inazungumza Kiswahili, Sheng, Gikuyu na Kiingereza kama jiji lenyewe linavyozungumza, na wahusika wake wanataniana hata wakiwa na njaa. Filamu nyingi za dhiki zina maskini wasiocheka kamwe, kana kwamba ufukara ni matanga ya kudumu. Watu wa Gaza wana midomo, wana wivu, wanapenda nguo.

Sasa, kuna pingamizi moja nisilolidharau. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa Rafiki, amekuwa akihoji kwa nini msanii wa Kiafrika anatarajiwa kila siku alete vita, maradhi na ufukara, na ametetea haki ya kutengeneza kazi ya furaha, ya mapenzi, hata ya upuuzi. Yeye hawatetei watalii. Shida anayoisema iko kwenye fedha: wafadhili wengi wa filamu zetu wako mbali, na mwenye fedha akipenda machozi, machozi ndiyo yatakayoandikwa. Nairobi Half Life yenyewe ilizaliwa katika mradi wa One Fine Day Films, uliomhusisha mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer, ukishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi.

Lakini tuutazame mradi huohuo ulivyoendelea. Soul Boy ya Hawa Essuman ilitoka 2010, ikiwa na mvulana wa Kibera anayetafuta roho ya babake. Baadaye tukapata Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, inayowahusu wafu waliokwama mahali kabla ya kwenda wanakokwenda, na Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, kuhusu msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa filamu. Fedha za kigeni zilikuwapo, ila hazikudai bastola kila mara. Kwa hiyo hoja ya Kahiu ina uzito kama onyo, lakini haitoshi kuihukumu filamu hii moja.

Kuhusu sifa ya taifa, matendo ya serikali yanasema wazi kuliko hotuba. Filamu iliyoonyesha polisi wakila na wezi kisha wakiwaua ilionyeshwa sinemani, ikashinda tuzo nje, ikapelekwa Marekani kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar, mara ya kwanza nchi kupeleka filamu katika kundi la lugha za kigeni. Rafiki, yenye rangi za kupendeza na wasichana wawili wanaopendana, ndiyo iliyopigwa marufuku mwaka 2018, hadi Mahakama Kuu ilipoiruhusu kwa siku saba. Yaelekea mtaro wa majitaka hautuaibishi sana. Tumeuzoea.

Nikirudi kwa Gitonga, nina manung'uniko mawili. La kwanza ni Amina, anayeigizwa na Nancy Wanjiku Karanja. Anauza mwili wake, wanaume wawili wanamtaka, na sehemu kubwa ya nafasi yake ni kupima urafiki wao. Tunajua kwa kina Mwas anataka nini maishani. Kuhusu Amina tunaachiwa tukisie. Katika filamu iliyotuonyesha vizuri kiasi hicho hesabu za wezi, hesabu za mwanamke aliye chini kabisa ya mnyororo zimerukwa.

La pili ni kubwa zaidi. Mwas ananusurika na kukimbilia jukwaani, kwenye tamthilia ambamo anaigiza, tena, mwizi ndani ya nyumba ya kitajiri, na kutoka pale anawauliza watazamaji juu ya yale tunayochagua kuyaona na kutoyaona. Ni tukio lenye nguvu, nalo Wairimu analibeba. Hata hivyo kipaji ndicho kilichomwokoa, na wenzake hawakuwa nacho. Je, kijana asiyejua kuigiza afanye nini? Filamu inamkazia macho mtazamaji wa tabaka la kati, ila haijaingia nyumbani kwake. Wenye mali tunawaona kwa mbali, wakiwa magari ya kuvunjwa na viti vya ukumbi vya kujazwa.

Ningependa mwongozaji mwingine aanzie hapo. Aanze na mwenye gari anayekwenda Grogan Jumamosi asubuhi, abishane bei, alipe, apige simu nyumbani kusema amepata kwa bei nafuu, kisha jioni aketi na jamaa zake kulaumu ujambazi na kuwasifu polisi wanaofyatua bila kuuliza. Amfuate mpaka ofisini kwake. Filamu kama hiyo haihitaji hata risasi moja, wala kibanda cha mabati, na nina hakika italalamikiwa kuliko zote.