Kulea Kambare Nyumbani

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo vijana wa Korogwe na Handeni wametuuliza mara nyingi, nalo ni kuzalisha kambare nyumbani na kuwalea vifaranga wake katika tangi la kioo. Baadhi ya wazee huliona jambo hili kuwa ni mchezo wa watoto. Sisi hatulioni hivyo. Kwani kazi ya halali inayomfunza kijana kuamka mapema, kupima, kuhesabu na kumhurumia kiumbe asiyeweza kusema, si mchezo, na huenda ikawa mlango wa riziki.

Kwanza yatupasa kumjua kambare mwenyewe. Huyu si mgeni kwetu. Yumo katika Mto Pangani, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru yakapita Korogwe kabla ya kuingia baharini. Na katika malambo ya nchi kavu kama Handeni huweza kuishi hata pale maji yanapobaki tope. Sababu yake ni kwamba, juu ya matamvua, Mwenyezi Mungu amempa kiungo kingine mfano wa vitawi vya mti, ambacho kwacho huvuta hewa ya juu kama tuvutavyo sisi. Mtaalamu wa Kiingereza, William Burchell, alimwandika katika mwaka 1822, na jina lake la kitaalamu latokana na Gariep, mto mkubwa wa Afrika ya Kusini.

Wako wanaouliza: kambare hana magamba, je, ni halali kumla? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, samaki ni halali awe na magamba au asiwe nayo, wala si lazima kumchinja. Ndugu zetu wa Kishia huyashurutisha magamba, nasi hatugombani nao kwa hilo. Lakini wanavyuoni wa Kishafi wamesema pia kuwa samaki mkubwa akaaye muda mrefu hajafa baada ya kutolewa majini, yapendeza kumchinja ili apumzike. Kambare ni katika hao hasa. Basi yule amwachaye sokoni akigaagaa katika vumbi tangu asubuhi hata adhuhuri, na ajiulize rehema yake iko wapi.

Sasa tuje kwenye kazi. Kambare katika pori hutaga wakati mvua zinapoanza, mito ikafurika na maji yakaingia majanini. Hutaga usiku, mayai yakanata kwenye majani, kisha baba na mama huenda zao, hawana ulezi. Ndani ya tangi hakuna mafuriko, na kwa hiyo jike huweza kujaa mayai tumboni asiyatoe kamwe. Hapo ndipo wataalamu hutumia sindano ya dawa, au ya maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine, ili mwili wa jike udhani kuwa masika yamefika.

Kazi hii ya sindano kijana asiifanye peke yake; amwendee bwana samaki wa wilaya, au anunue vifaranga wachanga katika kituo kinachoaminika. Huko Kingolwira, Morogoro, kuna kituo cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimezalisha mbegu ya samaki na kuwafunza wafugaji.

Jike aliye tayari hujulikana kwa tumbo lake la mviringo, laini. Ukilibonyeza polepole mayai machache hutoka. Dume ana kiungo kirefu chenye ncha nyuma ya tumbo. Wazazi hawa wasiwekwe katika tangi la kioo, kwa kuwa ni wakubwa na ni warukaji. Wawekwe katika mapipa mbalimbali yaliyofunikwa na kutiwa kizito juu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za sentigredi, mayai huwa tayari muda wa saa 11 hivi baada ya sindano. Basi jike hukamuliwa katika bakuli kavu. Dume hakamuliki kama jike. Aghalabu huuawa ili mbegu yake ipatikane, na nyama yake ni kitoweo. Mbegu huchanganywa na mayai kwa unyoya safi, kisha hutiwa maji kidogo na kukorogwa muda wa dakika moja, kwa maana baada ya hapo mbegu huwa imekufa.

Hapa ndipo tangi la kioo linapoingia. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 huchukua lita 54. Gramu moja ya mayai ya kambare ina mayai 600 hadi 700. Kwa hiyo nusu ya kijiko cha chai yatosha kwa tangi hilo. Atakaye yote atayakosa yote. Mayai yatandazwe juu ya kipande cha wavu laini kilichowambwa majini. Nanyi kina mama, twawaomba mwe macho: kisikatwe chandarua cha kitandani kilichotiwa dawa ya mbu! Dawa ile huua samaki, na chandarua chenyewe kimewekwa kulinda watoto wenu na homa.

Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kusafishia yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Joto liwe baina ya nyuzi 25 na 28, jambo ambalo ni jepesi Korogwe na Handeni kuliko Lushoto kwenye baridi. Mayai mazima huanguliwa kwa muda wa saa 24 hadi 36. Yaliyogeuka meupe yamekufa. Yaondolewe, la sivyo yataota ukungu na kuyaharibu mengine.

Vifaranga wakishatoka hukaa siku 3 hivi bila ya kulishwa, wakila kiini walichokuja nacho tumboni. Hupenda giza; tangi lifunikwe kwa kitambaa cheusi. Na ieleweke vema: kile kiungo cha kuvutia hewa bado hawanacho katika majuma ya kwanza. Mtu akisema, "Kambare huishi topeni, hawa hawataki hewa," atawaua wote usiku mmoja. Pampu ndogo ya hewa yahitajika, na umeme ukikatika, maji yatekwe kwa kikombe na kumiminwa tena kutoka juu, mara kwa mara.

Kiini kikiisha, walishwe vidudu vidogo vya majini, vile virukavyo-rukavyo katika maji ya kijani yaliyokaa juani. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa hutumika pia, lakini kidogo mno, kwa kuwa huchafua maji upesi. Walishwe kidogo kidogo mara 5 kwa siku, na mabaki yavutwe kwa mpira mwembamba. Baada ya juma moja au zaidi wazoeshwe unga laini wa dagaa uliochanganywa na pumba. Wako wafugaji wanaowalisha damu ya machinjioni na uchafu. Wanavyuoni wamesema kuwa mnyama aliyelishwa najisi hata nyama yake ikabadilika, ni makuruhu kumla mpaka alishwe chakula safi muda wa kutosha. Basi ya nini kujitia katika shaka?

Yako maradhi mengine, nayo ni kulana. Wengine hukua upesi kuliko ndugu zao, kisha huwala; huanza kwa mkia, mwisho humeza mzima. Kila juma wapambanuliwe, wakubwa mahali pao na wadogo pao, na wote wapewe vipande vya bomba vya kujifichia. Baada ya majuma 5 au 6 huwa tayari kuhamishiwa bwawani. Wafuga mabwawa huwanunua, na katika Ziwa Victoria wavuvi huwataka kuwa chambo cha sangara.

Wakati wa kuuza, wahesabiwe mbele ya mnunuzi. Kumwambia mtu, "Nakuuzia waliomo humo," na maji hayaonyeshi kitu, ni biashara ya kubahatisha, nayo imekatazwa. Wadhaifu wasifichwe chini ya wazima. Na siku moja kabla ya safari wasilishwe, ili wasichafue maji njiani.

Limebaki jambo moja, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Handeni ni nchi ya shida ya maji. Ndoo ina thamani huko. Kubadilisha robo ya tangi letu kwa siku kwataka lita 13 na nusu, hazijai ndoo ya lita 20. Maji hayo yakitoka yamwagiwe mchicha au mgomba, kwani yana rutuba, na hapo hayakupotea. Lakini nani ayachote? Ikiwa kijana ataka samaki, na dada yake ndiye atwikwaye ndoo kwa ajili yao, basi hiyo si kazi, ni dhuluma iliyovishwa nguo ya kazi. Na ikiwa maji ya kunywa na kutawadha hayatoshi nyumbani, tangi na lingoje masika.

Wazee, msiwavunje moyo vijana. Waulizeni tu mambo mawili: maji yatatoka wapi, na nani atayabeba. Kijana akijibu, "Nitayabeba mwenyewe," mpeni ruhusa, na dua.