Miji Tumewapa, Jibu Liko Wapi?

Bibi akitega kitendawili nasi tukashindwa, alidai mji. Tulimpa Tanga, akaukataa. Tukampa Mombasa, akaupokea, akajisifu huko alikokwenda na alivyokula, kisha akatoa jibu. Hata siku moja hakuchukua mji wetu akaenda kulala.

Watunzi wa Lost walichukua miji yetu wakalala. Niliitazama tamthilia hiyo na baba, kwenye DVD za mtaani zilizogandaganda. Msimu wa kwanza unaishia kwenye shimo lililofunguliwa, kamera ikizama gizani. Baba alicheka: "Hawa watu wana akili!" Akawa ananiuliza mezani, mwanangu, zile namba zina maana gani? 4, 8, 15, 16, 23, 42. Aliziandika nyuma ya risiti ya LUKU. Alifariki tukiwa msimu wa nne. Nikaendelea peke yangu hadi sehemu ya 121, nikijiambia namtafutia jibu. Nilichopata ni nusu: namba zilikuwa za watu walioteuliwa. Kwa nini hizo na si nyingine? Kimya.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na darasani tunaonyeshwa hotuba ya J.J. Abrams, mmoja wa walioiasisi Lost, aliyoitoa TED mwaka 2007. Ameshika boksi la mazingaombwe alilonunua zamani na hajawahi kulifungua, kwa kuwa anapenda uwezekano uliomo kuliko kitu chenyewe. Wenzangu huandika haraka haraka. Mimi hukasirika. Boksi lake ni mali yake, asilifungue hadi kiama. Lakini la kwetu tulililipia, usiku baada ya usiku, na wengine hawakuwa na usiku wa kupoteza.

Wataniambia bila siri mtazamaji ataondoka. Si kweli. Columbo, tangu 1971, kwa kawaida humwonyesha muuaji mwanzoni kabisa, na bado watu walikaa kumtazama yule askari wa koti lililokunjamana akirudi mlangoni na swali moja zaidi. Vitendawili vya bibi vyenyewe tulivijua karibu vyote. (Tulijifanya kushindwa ili tusikie safari ya Mombasa.)

Sidai kila kitu kifafanuliwe. Nadai mtegaji awe na jibu kabla ya kutega.

Risiti ya baba ninayo. Maandishi ya LUKU yameshafutika; namba zake bado zinasomeka.