Mwanablogu na Amana ya Msomaji

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, katika enzi hii ya simu za mkononi, uongo huweza kufika Kawangware kabla ya matatu kujaza abiria katikati ya jiji. Ndiposa suala la uaminifu wa wanablogu haliwahusu wao pekee, bali pia kila mwalimu na mwanafunzi anayeyasoma maandishi yao.

Tukumbuke yaliyojiri mnamo Desemba 30, 2007. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilizofuata ziliangamiza zaidi ya watu 1,100. Katika giza hilo, wengi waligeukia blogu, ikiwemo Kenyan Pundit ya mwanasheria Ory Okolloh. Pendekezo lake la kuchora ramani ya maovu yale lilizaa, mapema Januari 2008, jukwaa la Ushahidi, lililopokea taarifa za raia kwa mtandao na kwa ujumbe mfupi wa simu.

Kwa nini waliaminiwa? Si kwa kuwa walijua yote. Mwandishi alijulikana ni nani, na waanzilishi wa jukwaa walijitahidi kuzithibitisha taarifa walizoletewa. Imani ya msomaji ni amana. Haiombwi, huwekwa kidogo kidogo kwa yule aliyeonekana kuitunza.

Amana hiyo huweza kuuzwa pia. Mnamo 2021, utafiti uliochapishwa na wakfu wa Mozilla ulifichua Wakenya waliolipwa kueneza kampeni za kuwapaka tope majaji na wanaharakati katika mtandao wa Twitter. Hasara yake haiishii kwa waliochafuliwa. Msomaji akishagundua kwamba maoni aliyoyaamini yalinunuliwa, humshuku hata mwandishi asiyepokea senti.

Je, basi, kila mwandishi alazimishwe kutaja jina lake? Hapa yafaa tutahadhari. Mnamo Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumharibia jina afisa mkuu wa polisi. Alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. Polisi walidai kuwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyopatana na madai hayo. Nchi ambamo jina laweza kumgharimu mtu uhai haina haki ya kumlaumu anayelificha. Lakini anayelificha jina hubeba mzigo mzito zaidi wa kutoa ushahidi.

Lisiloepukika kwa wote ni kukiri kosa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Mwanablogu anayefuta kosa kimyakimya huficha aibu yake tu. Anayelisahihisha waziwazi humheshimu msomaji.

Walimu nao wana wajibu. Mwanafunzi anapoleta habari darasani, aulizwe: Nani ameandika? Amejuaje? Amelipwa na nani? Akikosea, husema? Kizazi kinachouliza maswali haya hakitauziwa mbuzi kwenye gunia, na mwandishi mkweli hatakosa wasomaji.