Zawadi au Deni?

Mwanafunzi mmoja wa Kalunguta ametuletea swali linalostahili kujibiwa mbele ya wote. Auliza: kampuni kubwa ikijenga shule kijijini, je, tuishukuru kwa zawadi, ama inalipa deni?

Tutazame kwanza Katanga. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, unga na hospitali, tena na shule, nyingi zikiongozwa na wamisionari. Wachimbaji walizoea kusema ya kuwa kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Watoto wengi walikua na afya na elimu kwa sababu hiyo, na kulikana jambo hilo si haki. Lakini mzazi huyo alikata shauri la mambo yote peke yake. Aliyeachishwa kazi aliipoteza nyumba, na jamaa yake pamoja naye.

Mwaka 1967 serikali iliitwaa kampuni hiyo, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kisha mishahara ikachelewa miezi mingi. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kulipwa fedha mara moja tu. Na zile hospitali na shule? Zilidhoofika pamoja na aliyezijenga, kwa kuwa wenyeji hawakuwa wamekabidhiwa funguo zake wala hesabu zake.

Pengine ndiyo sababu sheria za sasa hazisemi juu ya wema tu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 yamtaka mwenye kukata miti kuandikiana masharti na wenyeji, juu ya barabara, shule na hospitali. Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, yaamuru mwenye mgodi kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi, na fedha hizo zitunzwe na wajumbe wa kampuni pamoja na wajumbe wa wenyeji. Tena 15% ya ushuru wa madini ni fungu la mji, sekta au usultani ule yanakochimbwa. Hapo, mwanangu, ni deni.

Lakini kwetu, kati ya Butembo na Beni, wengi huishi kwa jembe, na mgeni mkubwa tunayemjua ni mnunuzi wa kakao na kahawa. Sheria ya madini haimgusi huyo. Akigawa miche, akifundisha namna ya kuchachusha kakao siku kadhaa na kuikausha vizuri, mkulima hufaidika, naye mnunuzi hupata mali safi. Si sadaka, ni biashara njema. Binafsi namthamini mwenye mzani wa kweli kuliko mwenye kugawa fulana siku ya sikukuu. Gramu zinazoibwa katika kila gunia zingetosha kulipa karo ya mtoto, wala hakuna bati la shule litakalozirudisha.

Basi kampuni ikija na ahadi ya shule, wazee waombe maandiko yasomwe kwa Kinande, polepole, kabla ya kutia sahihi. Kisha waulize mambo mawili: kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani, na mwalimu atalipwa na nani mwaka wa pili.